Uso unawaka mbele ya karai: je, niache biashara ya samaki?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikikaanga sato na sangara karibu na mwalo na kuwauzia wabeba mizigo, wasafiri na wafanyabiashara wenzangu wa sokoni. Ngozi yangu ni ya maji ya kunde na tangu utotoni haikuwahi kunisumbua, hata nilipokuwa msichana sikupata chunusi kama wenzangu.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuona kwamba kila ninapokaa mbele ya karai kwa muda, mashavu na pua vinapata moto wa ghafla kana kwamba nimepakwa pilipili, na nikijitazama kwenye kioo naona rangi imeiva, nyekundu inayoelekea zambarau. Mwanzoni moto huo ulikuwa unatulia nikipumzika, lakini sasa wekundu hauondoki hata Jumapili ninapokuwa nyumbani, na juu yake vimetokea vipele vidogo ambavyo nikivibana havitoi kitu. Chai ya tangawizi ya asubuhi inauwasha uso, jua la saa saba linauwasha, na hata nikigombana na mtu kidogo tu nahisi moto unapanda kutoka shingoni. Macho nayo yanawasha kama yameingiwa na mchanga. Nilidhani ni moshi.

Dada wa duka la dawa aliniuzia tyubu ndogo nikapaka asubuhi na jioni, na ndani ya siku tatu uso ukawa laini hata majirani wakanisifu. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu kila ninapoacha kupaka siku mbili au tatu uso unalipuka kuliko mwanzo, hivyo nimeendelea kununua tyubu hiyo kwa miezi minane. Rafiki yangu amenishauri nisugue uso kwa limao na chumvi ili kutoa uchafu wa moshi, nikafanya mara mbili, nikalia kwa maumivu.

Kinachoniumiza zaidi ni maneno. Wifi yangu amewaambia watu ukweni kwamba ninakunywa gongo kwa siri, na wateja wengine wanasema nimeharibiwa na mkorogo. Sijawahi kuonja pombe wala kujichubua. Naomba unieleze huu ni ugonjwa gani, kama utakwisha, na kama ni lazima niache kukaanga samaki, maana karai hilo ndilo linalosomesha watoto wangu watatu.

Mama Sato, Kirumba

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na kabla ya kitu kingine chochote nakuomba uitoe ile tyubu ulikoihifadhi, usome jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Ikiwa utakuta jina kama klobetasoli, betamethasoni au flusinoloni (tahajia ya kwenye boksi ni ya kigeni, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua), basi umekuwa ukipaka usoni steroidi yenye nguvu, na sehemu kubwa ya mateso yako ya sasa huenda inatoka humo. Nitalirudia jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalonihangaisha zaidi katika yote uliyoandika.

Dalili ulizozieleza zinafanana sana na ugonjwa wa ngozi uitwao rosasea. Huu ni ugonjwa wa muda mrefu unaoshika katikati ya uso, yaani mashavu, pua, kidevu na paji, ambapo mishipa midogo ya damu hutanuka upesi kupita kiasi kila inapochokozwa, na ngozi yenyewe huwa na mwako wa ndani usiotulia. Mara nyingi huanza mtu akishavuka miaka 30. Mwanzoni uso huiva na kutulia, kisha miaka inavyokwenda wekundu hukaa moja kwa moja, na kwa baadhi ya watu hufuatiwa na vipele, mishipa myembamba inayoonekana kama nyuzi, au ngozi ya pua kuwa nene. Hauambukizi. Hauletwi na uchafu, kwa hiyo hakuna moshi wa kusuguliwa utoke.

Chunusi za kawaida huwa na vichwa vyeusi au vyeupe vinavyoziba vinyweleo. Vipele vya rosasea havina vichwa hivyo, na ndiyo maana ulipovibana hukupata kitu ila maumivu. Tafadhali usivibane tena.

Nataka pia ufahamu kwa nini hakuna aliyekutajia jina la ugonjwa huu kwa miaka miwili. Picha nyingi zilizo katika vitabu vya tiba zinaonyesha watu weupe wa Ulaya, ambao wekundu wao huonekana toka mbali, na kwa sababu hiyo wapo hata wahudumu wa afya wanaoamini kwamba watu weusi hawaupati. Wanaupata. Katika ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, wekundu hujificha ndani ya rangi ya asili na kutokea kama weusi wa zambarau au kahawia iliyokolea, hivyo mgonjwa huutambua kwa kuuhisi zaidi ya kuuona: moto, mchomo, ngozi iliyokaza, mafuta yaliyokuwa yakimfaa jana yakimwasha leo. Ukifika hospitali, usianze kwa kusema una chunusi, kwa maana ukisema hivyo utapewa dawa za chunusi, nazo nyingi hukausha ngozi na zitakuunguza. Eleza moto huo, eleza unapopanda na kinachoupandisha, na kama una simu yenye kamera, jipige picha mara tu utokapo mbele ya karai, kwenye mwanga wa mchana, ili daktari aone kile ambacho huenda saa ya miadi kitakuwa kimetulia.

Sasa nirudi kwenye tyubu. Steroidi ya kupaka hubana mishipa ya damu na kuzima mwako, ndiyo sababu siku ya tatu ulipendeza na majirani wakakusifu. Ni dawa nzuri kwa magonjwa kadhaa ya ngozi inapotumiwa kwa muda mfupi, mahali panapostahili, kwa maelekezo ya daktari. Usoni, hata hivyo, ngozi ni nyembamba na hunyonya dawa kwa wingi, na ikipakwa kwa miezi ngozi huzidi kuwa nyembamba, mishipa iliyokuwa imebanwa huzoea kubanwa, na dawa ikikosekana hutanuka yote kwa pamoja. Huo ndio mlipuko unaouona kila unapoacha. Wewe umeuchukulia kama ushahidi kwamba dawa inakufaa na ugonjwa ni mkali, nami sikulaumu, kwa kuwa yeyote angefikiri hivyo. Lakini kwa kweli ni ngozi inayodai dawa iliyozoeshwa. Steroidi peke yake inaweza kumletea uso wa namna hii mtu ambaye hakuwa na rosasea kabisa, na inaweza kumzidishia aliyekuwa nayo. Kwa kuwa moto wako ulianza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tyubu, nadhani una yote mawili, ingawa wa kulithibitisha ni daktari atakayekuona.

Kwa hiyo usinunue tyubu nyingine, na nenda kwa daktari ndani ya wiki hii ukiwa na hiyo uliyo nayo mkononi. Yeye ataamua kama uache mara moja au upunguziwe taratibu, na wakati huo huo akupe dawa ya kukushikilia. Nakwambia ukweli ili usije ukakata tamaa: wiki za kwanza baada ya kuiacha uso utawaka, vipele vitaongezeka, na utatamani kuirudia usiku mmoja tu. Ukiirudia, safari inaanza upya. Mlipuko huo hupungua kadiri wiki zinavyopita, ingawa ngozi iliyopakwa kwa miezi minane inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi kwenye hali yake. Mweleze mume wako jambo hili mapema, ili siku ambayo uso utakuwa mbaya kuliko siku zote asiwe wa kwanza kukuletea tyubu kwa huruma.

Kuhusu mahali pa kwenda, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe ukaombe rufaa ya kliniki ya ngozi, iwe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando. Kuna sababu nyingine ya kutaka uonwe na mtu anayeyajua magonjwa ya ngozi: yapo magonjwa mengine yanayopiga mashavu rangi, mmojawapo ukiwa ni lupasi, ambao huchora alama kama mabawa ya kipepeo juu ya mashavu na pua na mara nyingi huruka ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Ikiwa pamoja na uso unaumwa viungo, una vidonda mdomoni, nywele zinakatika kwa wingi au unapata homa na uchovu usioeleweka, mwambie daktari, naye ataagiza vipimo vya damu.

Dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia si nyingi, na ni vizuri uzijue kwa majina. Ipo jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75, ipo asidi ya azelaiki, na ipo krimu ya aivamektini ya asilimia 1, ambayo hupunguza vijidudu vidogo vya jamii ya utitiri vinavyoishi kwenye vinyweleo vya karibu watu wazima wote, lakini ambavyo huwa vingi zaidi kwa wenye rosasea. Asidi ya azelaiki ina faida ya ziada kwa ngozi kama yetu, kwa sababu husaidia pia kufifisha madoa meusi yanayobaki vipele vikipona, ijapokuwa siku za mwanzo inaweza kuchoma kidogo. Vipele vikiwa vingi huongezwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Vidonge hivyo havimfai mama mjamzito, humezwa kwa maji ya kutosha mtu akiwa ameketi au amesimama, na huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, jambo ambalo wewe unayekaa mwaloni huna budi kulikumbuka. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonyesha kazi yake kwa siku tatu. Hesabu wiki 6 hadi 12 kabla ya kusema haikufai. Utakapoona vipele vimekauka huku wekundu ukiwa bado umebaki, usidhani umeibiwa, kwa kuwa wekundu ndio unaochelewa kuondoka, na huo hutegemea zaidi jinsi unavyoukinga uso na joto.

Na hapo ndipo penye swali lako kubwa. Huna haja ya kuacha kukaanga samaki, bali unahitaji kuubadilisha mkao wako mbele ya moto. Wavuvi wa hapo mwaloni watakwambia kwamba alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likishapanda hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Kama jiko lako limekaa mahali pamoja mchana kutwa, basi kwa saa nyingi joto na moshi vinaletwa moja kwa moja usoni mwako. Lisogeze ili upepo ukupige mgongoni kwanza ndipo ufike kwenye moto, na upepo unapogeuka, nawe geuka. Liinue jiko kwa matofali lifike usawa wa kiuno, ili usiwe unainamia mvuke wa mafuta, na tumia koleo lenye mpini mrefu kugeuzia samaki ukiwa umesimama kando badala ya juu ya karai. Ukiwa na binti au msaidizi, pokezaneni: yeye akae motoni nusu saa wakati wewe unapokea fedha na kufunga samaki, kisha mbadilishane. Weka karibu ndoo ya maji safi ya baridi na kitambaa laini cha pamba, na moto unapoanza kupanda kutoka shingoni, kama ulivyoeleza vizuri, usisubiri ufike mashavuni. Weka kitambaa hicho shingoni na usoni kwa dakika chache na unywe maji ya baridi kidogo kidogo. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Jua nalo ni moto mwingine, na kwa wengi wenye ugonjwa huu ndilo mchokozi mkubwa kuliko yote. Mwanza iko karibu na ikweta, ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwanga unaogonga maji hurudi juu ukamfikia hata mtu aliyevaa kofia. Turubai juu ya kibanda chako ni lazima. Vaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, kwa kuwa ile ya mbele tu huacha mashavu wazi. Mafuta ya kuzuia jua ni ya kupaka kila asubuhi hata mawingu yakitanda, nayo yawe na kinga (SPF) ya 30 au zaidi, yasiyo na manukato, na yaliyotengenezwa kwa oksidi ya zinki au ya titani, ambazo haziichokozi ngozi yenye rosasea. Hayo huacha weupe kama wa chokaa juu ya ngozi yetu, na najua kwamba kwa mtu ambaye tayari anasemwa kuwa anajichubua hilo ni jambo zito, hivyo tafuta yaliyotiwa rangi ya kahawia, ambayo huchanganyikana na ngozi na hukinga pia dhidi ya madoa meusi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hayo ni ya kuokoa maisha yao dhidi ya saratani, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kwa mlango wa nyuma. Nunua ya kwako dukani, na siku ambazo fedha haitoshi, kivuli na kofia vitakufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Limao liache kabisa. Maji ya limao yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, huunguza hata ngozi yenye afya na kuacha madoa meusi ya miezi, seuze uso wako uliokonda kwa steroidi. Dawa ya meno, kitunguu saumu, magadi, sabuni za kuua vijidudu na marashi ya menthol navyo viache. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu mara mbili kwa siku, kwa vidole bila dodoki, ujikaushe kwa kugusisha taulo, kisha upake mafuta laini yasiyo na manukato. Usiku hata mafuta ya mgando ya kawaida kwa kiasi kidogo yanafaa, mradi hayana harufu. Uso wako umefanyiwa mengi mno kwa miaka miwili hii, na ninachokuomba ni kuufanyia machache.

Chai huhitaji kuiacha. Aghalabu kinachouwasha uso ni joto la chai, kwa hiyo imimine, iache ipoe hadi uweze kuinywa bila kupuliza, na uone. Tangawizi na pilipili hutofautiana kwa kila mtu. Nunua daftari dogo, na kwa wiki mbili andika kila uso unapowaka: saa ngapi, ulikuwa wapi, umekula nini, ulikuwa umekasirika au la. Mwishoni utawajua wachokozi wako wewe, na hutalazimika kuacha vyakula ambavyo havina kosa. Nimewaona watu wakijinyima samaki, mayai na nyanya kwa mwaka mzima kwa sababu ya orodha waliyopewa na mtu, wakakonda, na uso ukabaki vile vile.

Macho yako usiyaachie moshi lawama zote. Rosasea huingia hata machoni, ikayafanya kuwa makavu, mekundu, yenye mchanga na vijipu vya kope. Mwambie daktari, na kwa sasa weka kitambaa safi cha vuguvugu juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano kila jioni, kisha ufute mashina ya kope taratibu. Ukipata maumivu ya jicho, ukaona ukungu, au mwanga ukakuumiza, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa huu ukifika kwenye kioo cha jicho unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Kuhusu maneno ya wifi yako, nimeumia pamoja nawe. Imani kwamba uso ulioiva ni uso wa mlevi ni ya zamani na iko katika nchi nyingi, na imewadhalilisha watu wengi ambao hawajawahi kugusa glasi. Ni kweli kwamba pombe hutanua mishipa na kuuchochea moto kwa mwenye rosasea anayekunywa, lakini ugonjwa huwapata wanywaji na wasiokunywa, na wewe ni shahidi. Sikushauri ugombane naye, si kwa sababu hastahili kuambiwa, bali kwa sababu hasira nayo inaupandisha moto wako. Mwombe mume wako akusindikize kliniki, asikie mwenyewe daktari akiutaja ugonjwa kwa jina, halafu yeye ndiye alipeleke jina hilo ukweni. Neno la ndugu yao litapokewa kwa namna ambayo lako, kwa sasa, halitapokewa.

Uliniuliza kama utakwisha. Rosasea haina dawa ya kuifuta isirudi kamwe, lakini inatulizwa, na wapo wengi wanaokaa miezi na hata miaka uso ukiwa mtulivu, wakipata mwasho mmoja mmoja wanaoujua chanzo chake. Ile sehemu iliyoletwa na tyubu ina matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa aliyeiacha na kuvumilia kwa kawaida huona ngozi ikirudi.

Ukishaonwa na daktari, niandikie tena unitajie jina ulilolikuta kwenye tyubu na dawa ulizopewa, pamoja na yale uliyoyaandika kwenye daftari, ili tuone pamoja kama ni karai, jua au chai inayokusumbua zaidi.

Shangazi yako